Mshahara wa Mwigizaji, Filamu ya Mwenyewe: John Cassavetes

SALMA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu, mlioko Unguja, Pemba na kwengine kote. Mimi ni Salma.

HAJI: Na mimi Haji. Leo tuna mtu mmoja tu wa kumzungumza, na kipindi kizima hakitamtosha.

SALMA: John Cassavetes, mwigizaji wa Kimarekani aliyegeuka muongozaji na mwandishi wa filamu zake mwenyewe. Nimemtaka huyu kwa sababu ya suala ninaloulizwa na waigizaji wetu kila tukikutana. Mtu anaitwa kwenye tamthilia ya watu, anaigiza tangazo la hoteli, analipwa, anarudi nyumbani. Halafu anauliza: hadithi yangu mimi nitaitoa lini, na kwa pesa za nani? Cassavetes alilijibu suala hilo kwa umri wake wote.

HAJI: Tuanze na asili yake basi.

SALMA: Kazaliwa New York, tarehe 9 Disemba 1929, ukoo wa Kigiriki. Utotoni aliishi na wazazi wake Ugiriki, na aliporudi Marekani akiwa na miaka saba, Kiingereza hakijui. Akasomea uigizaji New York, akamaliza mwaka 1950. Mwaka 1954 akamuoa Gena Rowlands, mwigizaji mwenzake. Jina hilo mlishike, maana bila ya Gena hakuna Cassavetes.

HAJI: Na miaka ile kazi yenyewe ilikuwa televisheni.

SALMA: Televisheni hasa, michezo inayorushwa moja kwa moja. Kisha filamu. Mwaka 1957 alitoka kwenye Edge of the City pamoja na Sidney Poitier. Kwahivyo tunamzungumza mtu ambaye mlango wa kazi ulishamfungukia, sio mtu aliyekataliwa akaenda kujianzishia kwa hasira. Na papo hapo alikuwa na darasa la waigizaji New York, yeye na mwenzake Burt Lane. Siku moja darasani wakafanya zoezi la kubuni papo kwa papo kuhusu ndugu watatu weusi, wawili kati yao weupe wa ngozi kiasi kwamba mtu huwadhania wazungu. Zoezi likawaka moto. Akasema hii ni filamu.

HAJI: Hapo ndipo paliponishika mimi, ile hadithi ya redio.

SALMA: Ieleze wewe.

HAJI: Kulikuwa na mtangazaji wa redio wa usiku, Jean Shepherd, mwenye wasikilizaji wanaokesha naye. Cassavetes kaalikwa kwenda kuitangaza ile filamu yake na Poitier. Badala ya kuisifu, akasema yeye anaweza kutengeneza iliyo bora kuliko hiyo, na kama watu wanataka filamu zinazohusu watu, basi wachange pesa. Na watu wakachanga! Dola moja, dola mbili, kwenye bahasha. Ikafika kiasi cha dola 2,000 hivi. Mwaka 1957, Salma. Leo tunachangishana kwa simu tunadhani tumevumbua kitu.

SALMA: Filamu ikaitwa Shadows. Walishuti kwa kamera ya milimita 16, barabarani na kwenye vyumba vya watu, na vifaa vyengine aliwaazima mtengenezaji filamu mwengine, Shirley Clarke. Waigizaji ni wanafunzi wa lile darasa. Sauti ilikuwa balaa. Mswada hakuna, rekodi nyengine hazisikiki, na mwenyewe alisimulia kwamba ilibidi watafute watu wanaosoma midomo ili wajue waigizaji walisema nini.

HAJI: Sisi wahariri tunaelewa uchungu huo. Picha unayo nzuri, na mtu anasema jambo zito usoni mwake, wewe husikii ila upepo.

SALMA: Sasa nisikilize hapa. Mwaka 1958 akaionesha bure usiku wa manane kwenye ukumbi mmoja wa senema New York. Mkosoaji mkubwa wa wakati ule, Jonas Mekas, akaipenda sana. Cassavetes mwenyewe hakuridhika. Aliiona imejaa mbwembwe za kamera, na watu wamepungua. Akawarudisha waigizaji, akashuti upya sehemu kubwa, na mara hii akaandika. Toleo la pili likatoka mwaka 1959. Mekas akakasirika, akasema la mwanzo ndilo lililokuwa bora. Cassavetes hakurudi nyuma.

HAJI: Lakini mwisho wa filamu pana maandishi yanayosema kwamba uliyoitizama ilibuniwa papo kwa papo.

SALMA: Yapo, na maandishi hayo yamemfuata hadi kaburini. Mpaka leo watu wakimtaja Cassavetes wanasema: ah, yule hakuwa akiandika, alikuwa anawasha kamera tu watu wajisemee. Sio kweli! Baada ya Shadows filamu zake ziliandikwa, na kuandikwa upya, na kuandikwa tena baada ya mazoezi. Kinachoonekana kama mtu anajisemea ni mwigizaji aliyeachiwa nafasi ya kuyafanya maneno yale yawe yake. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu huku kwetu tuna desturi ya kupeana kisa mdomoni: wewe ni baba mkali, wewe ni mtoto umetoroka, haya anzeni. Vichekesho vyetu vimelelewa hivyo, na vina utamu wake, siudharau. Lakini kijana akinambia haandiki kwa sababu Cassavetes hakuandika, namwambia huyo unayemsingizia aliteuliwa kuwania Oscar ya uandishi.

HAJI: Kwa filamu ya Faces.

SALMA: Kwa Faces. Tutaifikia.

HAJI: Kabla ya Faces kuna kipindi cha studio, na mimi sitaki tukipite haraka, kwa sababu ndicho kilichomtia ugumu. Shadows ilipata tunzo ya wakosoaji kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, mwaka 1960. Hollywood wakamuita. Akafanya Too Late Blues mwaka 1961, halafu A Child Is Waiting iliyotoka 1963, yumo Burt Lancaster na Judy Garland. Inahusu watoto wenye ulemavu wa akili, na wengi wa watoto wale walikuwa watoto wa kweli wa taasisi, sio waigizaji. Ikaja kwenye uhariri, yeye na prodyuza Stanley Kramer wakatofautiana. Kramer akamtoa, filamu ikamaliziwa bila yake.

SALMA: Na walichogombania kilikuwa na maana. Cassavetes aliwaona watoto wale ni watu kama watu wengine, akataka filamu ionyeshe furaha yao na ubishi wao. Toleo lililotoka, kwa maoni yake, liliwaonea huruma tu. Kwahivyo haikuwa ngebe ya msanii anayelilia jina lake. Uhariri ndio unaoamua mtu anaheshimiwa au anasikitikiwa, na mwenye pesa ndiye mwenye uhariri.

HAJI: Hilo ndilo alilojifunza. Mwenye pesa ndiye mwenye mkasi.

SALMA: Akakaa kitako. Na hapa ndipo kazi yake ya uigizaji ilipogeuka kuwa kitu chengine kabisa. Mwaka 1965 akaanza Faces kwa pesa zake. Walishuti kwa miezi kama sita, usiku mara nyingi, nyumbani kwake na nyumbani kwa mama mkwe wake. Nyeusi na nyeupe, milimita 16. Uhariri ukafanyika kwenye gereji ya nyumba yake, na ukachukua miaka.

HAJI: Miaka, kwa sababu pesa zikiisha anakwenda kuigiza.

SALMA: Ndiyo! The Dirty Dozen ikatoka mwaka 1967, akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Rosemary's Baby ikatoka 1968, yeye ndiye mume wa Rosemary. Watu wanazijua filamu hizo mbili dunia nzima. Wachache wanajua kwamba mshahara wa kazi za namna hiyo ulikuwa unakwenda kulipia filamu inayohaririwa gerejini. Na mwaka huo huo wa 1968 Faces ikatoka, ikapata uteuzi wa Oscar mara tatu: uandishi wake yeye, Seymour Cassel mwigizaji msaidizi, na Lynn Carlin mwigizaji msaidizi wa kike.

HAJI: Lynn Carlin alikuwa katibu muhtasi ofisini! Hakuwa mwigizaji wa kazi.

SALMA: Mtu kaitwa kutoka kwenye meza ya taipu, akafika kwenye uteuzi wa Oscar kwa filamu iliyoshutiwa majumbani. Hiyo inakwambia nini kuhusu muongozaji?

HAJI: Inanambia anajua kutizama nyuso. Lakini Salma, niruhusu nikupinge kidogo. Sote tunasema: alitumia mshahara wake. Sawa. Mshahara wa Hollywood huo. Na nyumba alikuwa nayo. Msanii wa Kwahani anaigiza tamthilia, malipo yake yanaishia kwenye nauli na kodi. Nyumba ya kuiweka rehani ataitoa wapi?

SALMA: Haki yako. Na mimi sitaki tumpambe. Ila kumbuka Shadows ilikuja kabla ya nyumba. Ilikuja na kamera ya kuazima na darasa la watu waliokuwa tayari kukutana kila siku.

HAJI: Na waliofanya kazi bila ya malipo. Tuliseme hilo pia. Kwenye Faces makubaliano yalikuwa kugawana mapato yakija. Yakija! Mimi nimeshaona kazi nyingi hapa za "tusaidiane kwanza, tutaangaliana mbele". Mbele yenyewe haifiki, na watu wanakoma kusalimiana.

SALMA: Kwahivyo unasema nini, asingefanya?

HAJI: Nasema anayetaka kumfuata aandike makubaliano kabla ya kuwasha kamera. Karatasi moja, kila mtu anajua fungu lake. Undugu ubaki na karatasi iwepo. Na kibali cha BASSFU, lile baraza la sanaa na sensa ya filamu la Zanzibar, uwe nacho mkononi, maana ukisimamishwa katikati ya Darajani na waigizaji wako, siku imekufa.

SALMA: Hapo sina ubishi. Mimi nataka niongeze jambo kwenye hili la pesa. Kila mtu akimsimulia Cassavetes anasimulia pesa, na pesa ni nusu tu ya alichokipata kwenye uigizaji. Nusu ya pili ni ujuzi. Tizama namna alivyoshuti. Muongozaji wa kawaida anatia alama chini kwa utepe: simama hapa, geuka hapa, ukitoka hapo taa haikufikii. Cassavetes aliona alama zile zinamuua mwigizaji, kwa sababu yeye mwenyewe ameshasimama juu yake. Kwahivyo taa zikawekwa chumba kizima kionekane, na mwigizaji akaenda anakotaka. Kamera ndiyo inayomfuata, mara nyengine imo mikononi mwa Cassavetes mwenyewe. Ndiyo maana unaona picha inayumba, inachelewa kidogo, uso unatoka nje ya fremu na kurudi. Wengine huona ni uchafu. Mimi naona ni kamera iliyo na adabu, inamngojea mtu amalize.

HAJI: Lakini waigizaji wengine ilikuwa inawatesa. Peter Falk kwenye Husbands, mwaka 1970, alichanganyikiwa. Anataka aambiwe afanye nini, haambiwi.

SALMA: Alichanganyikiwa, na baadaye ndiye aliyetia pesa zake mwenyewe kwenye kazi ya Cassavetes. Tuje kwenye A Woman Under the Influence.

HAJI: Haya, nilikuwa naisubiri.

SALMA: Mwanzo aliiandika iwe mchezo wa jukwaani kwa ajili ya Gena. Mke wa mfanyakazi wa ujenzi, mama wa watoto watatu, akili inamchukua kidogo kidogo, na mumewe anampenda ila hajui kumpenda bila ya kumvunja. Gena akausoma akasema: hiki kitu mimi siwezi kukicheza jukwaani kila usiku, kitanimaliza. Ndipo kikawa filamu. Akazunguka studio, hakuna aliyetaka. Akaweka nyumba rehani. Falk, aliyekuwa na pesa za Columbo, tamthilia yake ya televisheni, wakati ule, akatoa kiasi cha dola 500,000 zake na akaigiza mume.

HAJI: Na mama yake Cassavetes yumo, na mama yake Gena yumo.

SALMA: Wote wawili wamo. Ile meza ya chakula unayoiona kwenye filamu, watu wanakula, wanabishana, wanaimba, hiyo ndiyo sehemu inayonifanya nidhani Mzanzibari ataielewa filamu hii haraka kuliko wengi. Nyumba imejaa mashangazi, mama mkwe ana neno lake, watoto wanapita katikati, mwanamke mmoja anazama mbele ya watu wote na kila mmoja anampenda. Tumewaona wanawake hawa. Wengine tumewaambia wana mashetani, tukawapeleka kwa fundi, na wengine tumewaambia wavumilie. Sijaona filamu iliyomtizama mwanamke wa namna hiyo kwa muda mrefu hivyo bila ya kumuondolea heshima yake.

HAJI: Gena Rowlands yule... Kuna pale anapowasubiri watoto wake basi la skuli. Hafanyi kitu kikubwa. Anakwenda, anarudi, anauliza saa. Mimi nilisimamisha nikairudia.

SALMA: Na ilipokamilika, hakuna kampuni iliyotaka kuisambaza. Wakaisambaza wenyewe. Yeye na wenzake wakakaa kwenye simu, wanampigia mwenye ukumbi mmoja mmoja, wanakwenda vyuoni kuionesha. Ilipoonyeshwa New York mwaka 1974 ikaanza kutembea, na mwisho Gena akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike, na Cassavetes ya muongozaji bora. Mtu mmoja kateuliwa kwa kuigiza, kwa kuandika na kwa kuongoza. Hakushinda hata moja.

HAJI: Hilo la kusambaza mwenyewe ndilo tunalolikimbia sisi. Tunashuti, tunahariri, halafu tunakaa kungojea ZIFF, tamasha letu la filamu la kimataifa la Zanzibar. ZIFF ni neema, ukikaa Ngome Kongwe usiku ukaona filamu ya mtu wa hapa kwenye kile kitambaa kikubwa, moyo unajaa. Lakini tamasha lina siku zake, likaondoka. Siku nyengine zote za mwaka? Skuli zipo, kumbi zipo, Chake Chake na Wete wapo watu wanaotaka kutizama. Nani anapiga simu?

SALMA: Na kazi kubwa inawezekana hapa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilishutiwa Zanzibar na ikafika tamasha la Toronto mwaka 2021. Hadithi yetu, Kiswahili chetu. Sasa nataka kuiona ile ndogo, ya watu wanne chumba kimoja.

HAJI: Tumalizie maisha yake.

SALMA: Baada ya hapo The Killing of a Chinese Bookie mwaka 1976, haikwenda vizuri, akaihariri upya akaitoa tena 1978. Opening Night, 1977, inahusu mwigizaji wa kike anayeogopa kuzeeka. Gena akapata tunzo ya uigizaji kwenye tamasha la Berlin. Gloria, 1980, ikagawana na filamu nyengine Simba wa Dhahabu, tunzo kuu ya Venice. Na Love Streams mwaka 1984, ikapata Dubu wa Dhahabu, tunzo kuu ya Berlin. Hiyo ameigiza yeye na mkewe kama kaka na dada, tena ndani ya nyumba yao. Alikuwa mgonjwa tayari.

HAJI: Ini.

SALMA: Ini, kutokana na ulevi. Ukimtizama kwenye Love Streams unaona mwili unavyomuaga. Alifariki tarehe 3 Februari 1989, ana miaka 59. Watoto wake watatu, Nick, Alexandra na Zoe, wote wakawa waongozaji. Gena alikaa baada yake miaka mingi, akafariki Agosti 2024. Na huko Marekani tunzo za filamu huru zina tunzo yenye jina la Cassavetes, kwa ajili ya filamu za bajeti ndogo.

HAJI: Sasa msikilizaji hajawahi kumtizama huyu. Aanze na ipi? Mimi nasema Faces. Ataona nyumba mbili na watu wachache zinavyoweza kubeba filamu nzima. Akimaliza atatizama sebule yake kwa jicho jengine.

SALMA: Faces itamchosha! Wanacheka mno wale watu, vicheko vya uchungu saa mbili nzima. Aanze na A Woman Under the Influence, asitizame peke yake, akae na mama yake au shangazi, halafu wazungumze.

HAJI: Na mwigizaji anayetaka kuongoza?

SALMA: Huyo aanze na Shadows, na asiitizame kutafuta uzuri, maana ina makosa chungu nzima. Aitizame huku akihesabu: kamera hii ningeiazima wapi, chumba hiki ni cha nani, hawa watu watatu ninao? Akiona anao, aandike. Kurasa kumi zinatosha kuanzia mazoezi.

HAJI: Akiziandika atuletee tuzisome hapa kipindini, mimi na Salma tuigize.

SALMA: Mimi nachukua sehemu ya mama mkwe. Haya wasikilizaji, tukutane wiki ijayo inshaallah. Kwaherini.

HAJI: Kwaherini.